Sura ya Saba: Mkaguzi Naye Akaguliwe

Waya wa telegrafu uliotandazwa chini ya bahari kutoka Aden kwenda Durban ulifika Unguja mwaka 1879, na kuanzia hapo mfanyabiashara wa Mji Mkongwe akaweza kupata habari za masoko ya Ulaya pasina kungoja meli wala msimu wa pepo. Jumba lililokuja kuwa la shirika la simu lingaliko Shangani, na siku hizi ni hoteli. Mageuzi ya jumba hilo ni kielelezo cha yaliyoufika mji mzima, kwani nyumba za mawe zilizojengwa na matajiri wenye asili ya Oman na Bara Hindi, ambazo tangu mwaka 2000 zimo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, sasa nyingi hupokea wageni, na chini ya ngazi zake, au nyuma ya meza ya mapokezi, katika kijichumba chenye joto na feni moja, huweza kukaa seva iliyobeba majina ya wageni hao, nambari zao za pasipoti na habari za malipo yao.

Seva za namna hii, hapa kama penginepo duniani, nyingi huendeshwa kwa Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka 1991, ambao hautozwi ada ya leseni na ambao msimbo wake u wazi kwa yeyote mwenye hamu ya kuusoma. Afrika Mashariki haikuipokea elimu hiyo kwa mikono mitupu, kwani mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayosema na mtumiaji wake kwa Kiswahili. Nami naihesabu kazi ile kuwa ya heshima kubwa, maana ilithibitisha kwamba lugha yetu yaweza kubeba elimu hii bila kuomba radhi.

Yaliyowekwa ndani ya seva ni amana, na amana ina sheria zake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ambayo hukumu yake imeenea Tanzania Bara na Zanzibar pia isipokuwa katika mambo yasiyo ya Muungano, inamtaka mwenye kukusanya taarifa za watu azilinde zisipotee wala zisifikiwe na asiyehusika. Na hoteli inayopokea kadi za benki inafungwa, juu ya hayo, na masharti ya makampuni ya kadi yaitwayo PCI DSS, yaliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004, na ambayo toleo lake la nne lilishika nafasi ya lililotangulia tangu tarehe 31 Machi 2024. Lakini sheria haishuki hata ikasema faili gani liandikweje. Kazi ya kufasiri maneno ya sheria yakawa maneno ya mashine wameifanya wengine: Center for Internet Security ya Marekani, iliyoundwa mwaka 2000; wizara ya ulinzi ya nchi hiyo, katika miongozo yake ijulikanayo kama STIG; na mafundi wa msimbo huria walio katika miradi ya OpenSCAP na ComplianceAsCode. Hao wameandika kanuni mamia kwa mamia, na kila kanuni wakaiambatanisha na ukaguzi wake, yaani kipande cha msimbo kinachoingia ndani ya mashine, kikasoma kinachotakiwa kusomwa, kikarudi na jibu.

Sura hii nimeiweka kwa ajili ya vipande hivyo vya msimbo. Kanuni zenyewe zimejadiliwa sana na wajuzi, na aghalabu ni kanuni njema. Ila ukaguzi wake huchukuliwa kama kwamba umeteremshwa, fundi akauendesha usiku, akapata karatasi yenye rangi ya kijani, akaitia saini, na meneja akaiweka katika jalada la kuonyeshwa wakubwa. Ninalotaka kulisimamisha ni hili: ukaguzi ambao hatujapata kuuona ukikataa hauna haki ya kuaminiwa unapokubali. Mwenye seva analo jukumu la kuithibitisha seva yake, na kabla ya hilo analo jukumu la kuuthibitisha ukaguzi anaoutegemea, kwa kuutilia kosa makusudi mbele ya macho yake na kutazama kama utaliona.

Watu wa karafuu katika visiwa hivi waliijua dhana hii zamani. Gunia laweza kujazwa karafuu kavu zenye vichwa mdomoni, na katikati likafichwa mbichi, makonyo na mchanga. Ndiyo maana mnunuzi mwenye uzoefu hakutosheka na mdomo wa gunia, bali alichoma bambo ubavuni, mahali asipopachagua muuzaji, akatoa karafuu za ndani na kuziweka kiganjani. Ukaguzi mwingi wa Linux unaoandikwa kwa haraka husoma mdomo wa gunia.

Tuchukue kanuni iliyo mashuhuri kuliko zote, ile inayomkataza mtumiaji mkuu, aitwaye root, kuingia katika seva kutoka mbali. Katika saraka ya /etc/ssh mna faili liitwalo sshd_config, na ndani yake hutakiwa kuonekana mstari huu: PermitRootLogin no. Fundi aliyepewa kazi ya kuandika ukaguzi wa kanuni hii, ikiwa ana haraka, ataiamuru mashine itafute maneno hayo ndani ya faili hilo, yakipatikana iseme imefaulu, na yasipopatikana iseme imeshindwa. Ukaguzi huo utaonekana mzuri siku ya kwanza. Walakini, maneno yale yale yakitanguliwa na alama ya reli huwa ni maelezo tu, sshd, yaani huduma ya OpenSSH inayowapokea wanaoingia kutoka mbali, haiyatii, na hali mtafutaji wetu ameyapata na kufurahi. Hata akiirekebisha kasoro hiyo, bado imo iliyo kubwa zaidi: tangu toleo la 8.2 la OpenSSH, la Februari 2020, faili hilo laweza kuyaita mafaili mengine, na mifumo mingi leo huyaita mwanzoni kabisa, kutoka saraka ndogo ya sshd_config.d, na kwa kuwa sshd hushika tamko la kwanza ililolisoma na kuyapuuza ya jambo lile lile yanayofuata, basi mstari mmoja uliowekwa katika saraka hiyo ndogo, labda na programu ya kuanzishia seva, labda na fundi aliyekwisha kuondoka kazini, waweza kuruhusu kile ambacho faili kubwa linakikataza kwa herufi zilizo bayana. Ukaguzi umesoma katazo, umeandika kijani, na mlango u wazi.

Bambo la kanuni hii lipo, nalo ni amri ya sshd -T, ambayo haikuonyeshi kilichoandikwa mahali fulani bali jumla ya usanidi baada ya mafaili yote kusomwa kwa taratibu yake. Hata hiyo ina mpaka, kwa maana husoma mafaili kama yalivyo sasa, ilhali huduma iliyo hai huenda ilisoma mafaili ya wiki iliyopita na haijawashwa upya tangu yabadilishwe. Kwa hiyo ithibati ya mwisho, ambayo sioni sababu ya mtu kuikwepa maadamu ina gharama ya dakika moja, ni kukaa mbele ya mashine nyingine, kujaribu kuingia kwa jina la root na vitambulisho vyake sahihi, na kukataliwa.

Mfano wa pili ni mfupi, na kwa maoni yangu ndio unaodanganya watu wengi zaidi. Kanuni hutaka neno la siri lisikae kupita siku kadha wa kadha bila kubadilishwa, na ukaguzi huenda katika faili la /etc/login.defs kuitazama tarakimu iliyo mbele ya PASS_MAX_DAYS. Fundi huandika 90, ukaguzi ukafaulu. Lakini tarakimu hiyo huwahusu watumiaji watakaosajiliwa baadaye. Wale waliokuwamo tangu zamani muda wao umeandikwa katika faili la shadow, kila mmoja kwa mstari wake, na desturi ya mashine ni kuwaandikia 99999, ambazo ni siku za zaidi ya miaka 270. Mhasibu aliyesajiliwa siku hoteli ilipofunguliwa ataishi na neno lake la siri hadi vitukuu vyake, na karatasi bado ni ya kijani. Kadhalika, urefu wa chini wa neno la siri waweza kuandikwa vizuri katika pwquality.conf na usiwe na athari yoyote, endapo mlolongo wa PAM, unaompokea mtumiaji anapobadilisha neno lake, haukuambiwa uiite pwquality.

Sasa niingie katika jambo linaloihusu Unguja kuliko nchi ambako kanuni hizi zimeandikwa. Kisiwa hiki hupata umeme wake kwa waya unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na watu wazima wanaikumbuka Mei ya mwaka 2008, kisiwa kilipoanza kukaa karibu mwezi mzima bila umeme wa gridi, na wanaikumbuka zaidi Desemba ya 2009, giza liliposhuka na lisiondoke hadi Machi ya 2010. Waya mpya wa megawati 100 uliokamilika mwaka 2013 umepunguza mashaka hayo, ingawa kukatika kwa saa moja au mbili hakujatoweka katika maisha ya mitaa. Mwandishi wa kanuni aliyeko Marekani huidhania seva kuwa ni kitu kisichozimika ila kwa idhini. Kwetu sisi seva huzimika kwa kudura, na kila inapowaka tena huwa imeyasahau yote iliyoambiwa kwa mdomo.

Nasema kwa mdomo kwa sababu Linux ina namna mbili za kuamrishwa. Fundi aweza kuiamuru sasa hivi, kwa sysctl -w, isikubali kuelekezwa njia mpya na mashine jirani, nayo itatii papo hapo; lakini asipoiandika amri hiyo katika faili la kudumu, umeme ukikatika na kurudi, mashine itarudi katika tabia yake ya awali, ya kukubali. Ukuta wa moto uliojengwa kwa amri za mkono hupotea vivyo hivyo. Ukaguzi unaosoma kumbukumbu hai peke yake utamsifu fundi aliyetengeneza mchana mambo yatakayofutika usiku, na ukaguzi unaosoma faili peke yake utamsifu aliyeandika na asiiamuru mashine isome. Ukaguzi wa haki husoma pande zote mbili na kudai zipatane, na jaribio lake la haki lina hatua ambayo sijaona ikitiliwa mkazo wa kutosha: mashine izimwe kwa kung'oa waya wake, iwashwe, kisha ukaguzi uendeshwe mara ya pili. Saa nayo ni hivyo. Kanuni hutaka mashine ilinganishe saa yake na seva za mbali, na ukaguzi hutosheka kuona jina la seva hizo ndani ya chrony.conf, faili la chrony, huduma inayolinganisha saa, kumbe betri ndogo ya ubao imekufa, umeme umerudi kabla ya intaneti, na mashine inaandika daftari lake la matukio kwa tarehe ya miaka iliyopita. Waya za intaneti za chini ya bahari nazo hukatika, kama zilivyokatika EASSy na SEACOM tarehe 12 Mei 2024 zikaiathiri nchi nzima pamoja na majirani. Swali la kuulizwa chrony ni saa imelinganishwa lini na kwa tofauti kiasi gani, na hilo chronyc tracking hulijibu.

Namna ya kuujaribu ukaguzi si siri, nayo imeandikwa ndani ya mradi wa ComplianceAsCode, ambao una chombo kiitwacho Automatus kwa kazi hiyo hiyo. Kwa kila kanuni huandikwa visa vidogo vidogo, kila kisa katika faili lake, na mwisho wa jina la faili hueleza jibu linalotarajiwa: pass kwa kisa kinachostahili kufaulu, fail kwa kinachostahili kushindwa, notapplicable kwa mashine isiyohusika. Chombo huwasha mashine ya majaribio isiyokuwa na thamani, huitia kisa, huendesha ukaguzi, hulinganisha jibu na tarajio. Na palipo na msimbo wa kurekebisha, huuendesha kisha hukagua tena kuona kama dawa imeponya. Tukirejea kwa root na mlango wake, visa ambavyo ningevitaka ni vingi kuliko anavyodhani mgeni wa kazi hii: mstari umeandikwa sawasawa, mstari haupo, upo chini ya alama ya reli, upo katika faili kubwa na kinyume chake kimo katika saraka ndogo, umeandikwa mara mbili kwa majibu mawili yanayogombana, umo ndani ya fungu la Match linalomhusu mtu mmoja au anwani moja tu, na kimoja cha mwisho ambacho hukamata hata mabingwa, nacho ni permitrootlogin iliyoandikwa kwa herufi ndogo tupu, ambayo sshd huikubali bila mushkeli na ukaguzi mkali wa herufi huikataa kwa dhuluma.

Dhuluma hiyo nayo ni madhara, ingawa watu huidharau wakisema heri kengele ya bure kuliko kimya cha hatari. Fundi anayepigiwa kengele za bure kila usiku hujifunza kutozisikia, na hapo kengele ya kweli huingia katika kundi lile lile. Mfano ulio wazi ni wa vyombo vinavyopima usalama wa programu kwa kusoma nambari ya toleo: Debian na Red Hat wana desturi ya kuchukua tiba ya kasoro kutoka toleo jipya na kuitia katika toleo la zamani walilo nalo, na nambari kuu isibadilike, kwa hiyo chombo kisichojua desturi hiyo hulia juu ya seva iliyokwisha kutibiwa. Mwenye kupitia ukaguzi hana budi kuuliza juu ya makosa ya namna zote mbili, na kuandika kisa kwa kila moja.

Kuna pia maneno ya matokeo, ambayo meneja hayasomi na mkaguzi wa nje huyapita haraka. OpenSCAP haijibu kwa ndiyo na la tu, bali ina notchecked kwa kanuni ambayo haikukaguliwa, notapplicable kwa iliyoonekana haihusiki, na error kwa iliyokwama njiani. Katika hesabu ya alama, kanuni zisizokaguliwa na zisizohusika huwekwa kando, hata seva ambayo nusu ya kanuni zake hazikuguswa yaweza kutoka na alama ya juu sana. Kila notapplicable yahitaji mtu wa kuuliza: nani aliyesema haihusiki, na kwa dalili gani? Mara nyingine ni kweli, na mara nyingine ukaguzi umetafuta kifurushi kwa jina kinaloitwa katika Red Hat, na mashine ni Ubuntu, ambako kinaitwa jina jingine.

Baada ya ukaguzi kuthibitika kuwa mkweli, hubakia swali la kama kanuni yenyewe yafaa mahali hapa. Zipo kanuni kali zinazotaka kwamba auditd, huduma inayoandika daftari la matukio, ikikosa nafasi katika diski iizime mashine nzima, kwa hoja kwamba ni bora mashine isifanye kazi kuliko kufanya kazi bila shahidi. Kwa ghala la siri za kijeshi hoja hiyo ina uzito wake. Kwa hospitali ambayo daktari wa zamu anangoja jibu la damu, mimi naiona kanuni hiyo kuwa ni hatari iliyovaa joho la usalama, na ningeiandikia udhuru wa wazi, wenye jina la aliyeuidhinisha, sababu yake, kinga mbadala iliyowekwa, kama vile kuzipeleka kumbukumbu katika seva nyingine na kutoa onyo diski inapofika robo tatu, pamoja na tarehe ambayo udhuru huo utakufa usipoidhinishwa upya. Udhuru usiokuwa na tarehe hugeuka kuwa desturi, na desturi haina wa kuulizwa.

Wala nisifiche kwamba yapo maovu ambayo ukaguzi wa aina hii hauwezi kuyafikia. Machi ya mwaka 2024 Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aligundua mlango wa siri uliopandikizwa katika xz, programu ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, kwa kuwa aliona kuingia kwa ssh kumechelewa kiasi cha nusu sekunde kuliko mazoea, na hakukubali kulala na swali hilo. Seva yenye xz hiyo ingefaulu kanuni zote za sshd nilizozitaja hapo juu.

Lililo karibu zaidi nasi kuliko xz ni uzee wa mifumo. CentOS 7, iliyopendwa mno na mafundi wa ofisi ndogo kwa kuwa ilikuwa Red Hat isiyo na ada, ilikoma kupata matengenezo tarehe 30 Juni 2024. Na seva iliyobaki nayo yaweza kupimwa leo kwa kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya toleo hilo hilo, ikafaulu karibu zote, maana kanuni zinauliza juu ya mafaili yake na mafaili yake hayajabadilika. Kwa hiyo katika orodha yoyote itakayotumika katika seva za mji huu ningetaka kanuni ya kwanza isome jina na toleo la mfumo, ilinganishe na tarehe ya mwisho wa matengenezo, na ikikuta tarehe imepita isimamishe ukaguzi uliosalia na kutoa jibu moja la kushindwa. Nayo ijaribiwe kama zingine kabla ya kupelekwa kazini: iwashwe mashine ya majaribio yenye CentOS 7, ukaguzi uendeshwe, na fundi akae hapo hapo mpaka aone umeikataa.